Mfuko Niliokataa Kuuweka Mbele

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na sijawahi kuona haja ya kulificha hilo. Naogopa ng'ombe, naogopa radi, naogopa watu wanaocheka bila sababu. Lakini woga niliokuja kuupata Songea ulikuwa wa aina nyingine: woga wa kukaa nyuma ya mgongo wa mtu nisiyemjua, miguu inaning'inia, na barabara inapita chini yangu kwa kasi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimehamishwa kutoka Singida na kupangiwa shule ya kijijini upande wa Madaba, ndani kidogo kutoka barabara kuu iendayo Njombe. Sikuwa na mume wala ndugu mkoa mzima wa Ruvuma. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na masweta mawili ambayo hayakutosha, maana baridi ya kule mwezi wa sita haina mchezo.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa kinaingia tu: mitumba, redio, simu za mkononi, na mwishoni pikipiki za Kichina. Kabla ya hapo tulitembea kwa miguu au tulingoja lori la mahindi. Mara tukaamka tukakuta kila kona ya Songea ina vijana wameegemea pikipiki, wengine walikuwa wanalima tumbaku juzi tu. Nyingi hazikuwa zao. Zilikuwa za mfanyabiashara au mtumishi fulani ambaye wao walimwita tajiri, na tajiri akikasirika alinyoosha mkono tu, ufunguo ukarudi kwake.

Shuleni, saa ya chai, hatukuwa na mazungumzo mengine. Muuguzi mmoja aliomba kupelekwa hospitali, akapelekwa porini, akarudi peku bila simu. Mfanyabiashara wa vitenge alikutwa amefungwa kwenye mti kwa mkanda wake mwenyewe. Kila hadithi ilikuwa na mwendesha pikipiki mwenye sura nzuri na maneno matamu, na mimi nilizimeza zote bila kutafuna. Nikaanza kupanda pikipiki nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, imefunguliwa kifuniko, tayari kumchoma mtu shingoni. Walimu wenzangu walinicheka sana. Walisema siku nikikutana na jambazi nitamsahihisha.

Kulikuwa na hadithi za aina ya pili, na hizo zilisimuliwa vijiweni. Humo aliyekufa alikuwa mwendeshaji. Majuma machache kabla ya siku ninayotaka kuieleza, kijana mmoja wa Songea alikutwa ndani ya msitu wa mipaina na wanawake waliokwenda kuokota kuni. Alikuwa amenyongwa kwa nyuma, kwa kitambaa, na pikipiki haikuonekana tena. Waliomwona akiondoka walisema alimpakia mwanamke, mtu wa heshima zake, ana mfuko. Walimzika kwa msafara wa pikipiki zilizowasha taa mchana kweupe, na mimi niliuona msafara ule nikiwa nimesimama nje ya duka, nikasikitika kama watu wengine. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba mimi nafanana na yule mwanamke.

Siku yenyewe nilitumwa mjini na mwalimu mkuu kuchukua mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Niliagizwa mambo mawili: bahasha isitoke mikononi mwangu, na nisimwambie mtu yeyote nimebeba nini, kwa sababu mwaka uliotangulia mtihani ulikuwa umevuja na mwalimu mmoja alikuwa amesimamishwa kazi. Watoto walitakiwa kuufanya kesho yake asubuhi. Nilifika ofisi ya elimu mapema, lakini mwenye ufunguo wa kabati hakuwepo. Alipokuja na kunisainisha ilikuwa imeshapita saa saba, na basi la upande wetu lilikuwa limekwisha kuondoka. Nikaenda kijiwe cha pikipiki karibu na stendi.

Tangu mazishi yale kijiwe kilikuwa kimejiwekea utaratibu wake. Abiria wa kutoka nje ya mji hapandi moja kwa moja. Kwanza anakalishwa kwenye benchi, anavua mtandio au kofia, anatazamwa na vijana wote waliopo, kila mmoja aishike sura yake. Anaulizwa anakwenda kwa nani. Halafu mzigo wake, hata uwe mdogo namna gani, unawekwa mbele, juu ya tangi, mbele ya tumbo la mwendeshaji. Mikono ya abiria ibaki mitupu. Na njiani abiria anatakiwa aongee. Mmoja wao aliyewahi kuponea chupuchupu alikuwa amewaambia wenzake kwamba kabla kamba haijamfika shingoni, abiria wake alinyamaza kwanza.

Hayo yote nilielezwa baadaye. Wakati ule niliona tu kundi la wanaume linanikodolea macho, na mwenyekiti wao, mtu mzima mwenye koti la mvua, ananiambia nivue mtandio. Nikavua huku nimekasirika. Aliponyoosha mkono achukue mfuko, nikaurudisha nyuma.

"Dada, mfuko unakaa mbele," alisema. "Ndiyo utaratibu."

Nikamwambia mfuko wangu hautoki mikononi mwangu. Akauliza una nini. Nikasema hayamhusu. Nilimwona akiwatazama wenzake, nao wakatazama chini. Nilidhani nimewashinda. Kwa akili yangu, watu wanaong'ang'ania mfuko wa mwanamke namna ile hawana nia njema, na kadiri walivyosisitiza ndivyo nilivyozidi kuukumbatia. Wawili walikataa kunichukua. Wa tatu alikuwa kijana mwembamba aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake, na alikuwa hajapata abiria tangu asubuhi. Aliangalia pikipiki yake, akaniangalia mimi, akasema twende. Mwenyekiti alimvuta pembeni akamnong'oneza kwa muda mrefu. Yule kijana alirudi na uso mwingine, akaniambia basi tupige stori njiani, safari ni ndefu. Kofia ngumu ilikuwa moja tu, na ilikuwa kichwani kwake.

Tulipotoka mjini akaanza. Aliniuliza natoka wapi. Singida. Naishi na nani. Nikajibu kwa kuguna. Je, huko niendako wanajua kwamba niko njiani? Hapo nikaukaza mfuko kifuani. Nani anauliza swali kama hilo isipokuwa mtu anayetaka kujua kama utatafutwa? Nikakumbuka yule muuguzi. Kalamu yangu ilikuwa ndani ya mfuko, chini ya bahasha, na mikono yote miwili ilikuwa imeushika mfuko wenyewe.

Nikamwambia mume wangu ni polisi, ananisubiri.

Akauliza polisi wa wapi. Nikasema Madaba. Akasema yeye kwao ni Madaba, na polisi wa pale anawafahamu wote. Akanitajia mmoja mmoja kwa vyeo vyao, akauliza ni yupi kati ya hao. Nilikuwa nimejichongea. Tangu hapo nikafunga mdomo kabisa. Aliuliza mara mbili, tatu, habari za shule, habari za mazao, hata habari za mpira, na sauti yake ilikuwa inapanda kila mara. Nikaona anajitazama sana kwenye kioo cha pembeni. Halafu nikagundua kwamba hajitazami yeye. Alikuwa ananitazama mimi.

Tuliacha lami tukaingia barabara ya vumbi. Upande mmoja mipaina ya kupandwa, imekaa kwa mistari, giza chini yake hata mchana. Upande mwingine mashamba ya mahindi yaliyokauka yakisubiri kuvunwa. Sikuona mtu. Simu yangu ilikuwa haishiki mtandao tangu tuache lami, na hata ingeshika ningempigia nani? Nilianza kusali, kimoyomoyo, sala zote nilizozijua, na zilipoisha nikaanza upya. Nakumbuka niliahidi mambo mengi ambayo sijayatekeleza mpaka leo.

Mbele yetu barabara ilianza kuteremka, mteremko mrefu unaopinda kuelekea bondeni. Hapo ndipo yule kijana alipozima injini.

Naomba nieleweke. Singida ni tambarare, nami sikuwahi kuona jambo hilo maishani mwangu. Pale Songea kila mwendeshaji anazima injini kwenye mteremko, pikipiki inaserereka yenyewe mpaka chini, mafuta yanabaki. Wanafanya hivyo kila siku na abiria wenyeji hata hawashituki. Kwenye hadithi za saa ya chai, jambazi naye anazima injini porini akisingizia imeharibika. Kelele zilikatika ghafla, nikasikia matairi yanasaga changarawe, nikasikia upepo kwenye mipaina, nikasikia pumzi zangu mwenyewe. Nikajua nimekufa.

Kitu kimoja kilinijia akilini, na nilikiona cha busara sana. Akinisukuma chini, mfuko utanitoka, mitihani itapotea, na hata nikipona nitafungwa. Kwa hiyo nilitoa khanga niliyokuwa nimeikunja ndani ya mfuko ili niufunge mfuko tumboni kwangu, kama mama anavyombeba mtoto, niweze kukimbia nao. Niliubana mfuko kwa magoti, nikaikunjua khanga, nikaishika ncha mbili, moja kila mkono, nikainyanyua mbele yangu niizungushe. Upepo uliijaza. Ilibidi niivute kwa nguvu ikakaza.

Nikaona macho yake kwenye kioo. Sijawahi kuona macho ya namna ile kwa binadamu. Nilidhani ni macho ya mtu anayetaka kuua.

Akaachia usukani, akaruka.

Pikipiki iliendelea nami hatua kadhaa, bila mtu mbele, na sitasema nilifanya jambo lolote la maana. Nilipiga kelele tu. Ikaacha barabara, ikaingia kwenye mahindi, ikalala ubavu, nami nikaburuzwa kwenye mabua. Nilipoinuka nilikuwa na damu kiwikoni, goti halikunjiki, mfuko uko hapo, khanga iko chini kwenye vumbi jekundu. Sikuvunjika kitu. Kwanza nilifurahi, nikidhani jambazi amekimbia. Halafu nikamsikia. Alikuwa amesimama barabarani kwa mguu mmoja, mwingine ameuning'iniza, anapiga mayowe kwa sauti iliyopasuka. Alikuwa anaita mwizi.

Nilichelewa kuelewa kwamba mwizi ni mimi.

Watu hawakuonekana tulipokuwa tunapita, lakini sasa walitokea kila upande, kwenye mashamba, kwenye njia za miguu, hata ndani ya mipaina. Wanaume wana majembe na mapanga ya kukatia mabua, wanawake wameacha ungo. Kabla hawajafika niliokota khanga nikaisokomeza mfukoni, chini ya bahasha. Sikuwa nimefikiri. Mikono ilifanya yenyewe, kama mikono ya mtoto aliyevunja kikombe.

Walinizunguka. Walisemezana kwa Kingoni, nami sikujua hata neno, nikabaki kuzitazama nyuso. Nilisema mimi ni mwalimu. Mwanamke mmoja akasema kwa Kiswahili hata yule wa juzi alikuwa mtu wa heshima, akanivua mtandio akautupa. Mwingine aliuliza kama mwalimu, mbona lafudhi si ya huku. Nikajieleza, na kila nilivyojieleza lafudhi ilizidi kuwa ya Singida. Kofi la kwanza lilitoka nyuma, sikujua la nani. La pili nililiona linakuja. Mtu alinipiga teke kwenye lile goti nikakaa chini.

Nikiwa chini nikaona jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. Pikipiki ilikuwa imelala pale kwenye mahindi, mafuta yanadondoka kwenye tangi. Mwanaume mmoja, mtu wa makamo, mtulivu kabisa, alikuwa amechuchumaa ameweka chupa chini ya tundu, anayakinga. Alikinga tone kwa tone, hana haraka. Huenda hakutaka mali ya mtu ipotee. Huenda alikuwa na pikipiki yake nyumbani. Sijui, na sikupata kumwuliza. Mkojo ulinitoka palepale, mbele ya watu wote, nami sikuona hata aibu.

Aliyewatuliza alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee mfupi aliyekuja anahema, kashika jembe lake kama wengine. Hakusema nisipigwe. Alisema kwanza nikaguliwe. Akaufungua mfuko mbele yao, akatoa bahasha, akaigeuzageuza. Ilikuwa na lakiri na muhuri wa serikali, na ilikuwa haijafunguliwa. Akasoma kwa sauti kilichoandikwa, neno kwa neno. Kisha akatoa khanga. Niliiona imepakaa vumbi jekundu upindo mzima. Mzee aliikung'uta kidogo, akairudisha. Mwanamke aliyebeba khanga, kuna ajabu gani.

Kijana mmoja akasema hata bahasha inaweza kuwa ya wizi. Wengine wakakubali. Basi mzee akamgeukia mwendeshaji, ambaye walikuwa wamemkalisha kwenye kichuguu, mguu umeshavimba, uso hauna damu. Akamwuliza, huyu mama amekufanya nini?

Yule kijana hakujibu mara moja. Leo naelewa alikuwa anapima nini. Pikipiki ya tajiri wake ilikuwa imepinda usukani na imepasuka taa. Akisema amevamiwa, hakuna wa kumlaumu, angerudi Songea shujaa aliyenusurika, na huenda wangempa nyingine. Akisema aliruka mwenyewe, amekwisha. Wakati ule sikujua lolote la hayo. Nilijua tu kwamba uhai wangu uko mdomoni mwa mtu niliyemnyima hata mazungumzo. Nilimtazama, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anatetemeka kama mimi.

"Hakunigusa," alisema. "Niliruka mwenyewe. Mwacheni."

Ilibidi alirudie neno hilo, kwa sababu hawakutaka kulisikia. Alilirudia kwa Kingoni pia. Duara likalegea pole pole, watu wakarudi nyuma hatua moja moja, bila kunitazama usoni. Mwanamke aliyenivua mtandio aliuokota akanirushia. Hakuna aliyeniomba radhi, nami sikuisubiri. Nilikuwa nahesabu vidole vyangu, kuhakikisha vipo.

Walitupeleka kwa mtendaji wa kijiji, ofisi ya chumba kimoja yenye madirisha yasiyo na vioo. Umati ulitufuata ukajazana madirishani. Habari zilipelekwa kwa baiskeli mpaka penye mtandao, halafu zikafika mjini kwa simu, na jua likiwa bado juu tajiri akaja, amepakiwa na yule mwenyekiti wa kijiwe mwenye koti la mvua. Tajiri alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti. Alikwenda kwanza kuiona pikipiki. Aliporudi alimwuliza kijana wake swali moja tu: mtu mzima anarukaje kutoka kwenye pikipiki inayotembea?

Yule kijana akaeleza, kwa utaratibu, bila kuongeza chumvi. Kwamba nilikataa kuweka mfuko mbele. Kwamba nilisema uongo kuhusu mume polisi. Kwamba nilinyamaza. Kwamba alipozima injini kuteremka aliangalia kioo akaniona nimekamata khanga kwa mikono miwili, nimeikaza, usawa wa shingo yake, akamkumbuka mwenzake. Yule aliyekutwa msituni walikuwa wanakaa chumba kimoja. Mwenyekiti wa kijiwe akatikisa kichwa kukubali. Nami nikiwa pale kwenye benchi nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, kila swali lake na kila mtazamo wake kwenye kioo. Safari nzima alikuwa ananiogopa.

Tajiri akanigeukia kwa adabu. "Mwalimu, ni kweli ulitoa khanga?"

Jibu lilikuwa fupi. Ndiyo, nilikuwa najifunga mfuko. Ningelisema hilo, pengine mwenyekiti wa kijiwe angemtetea kijana wake, pengine tajiri angeona kwamba mtu yeyote angeruka. Nililiandaa mdomoni. Halafu nikatazama dirishani. Nyuso zilikuwa zilezile, na kati yao alikuwepo yule mtu wa makamo, bado ana chupa yake, ameiziba kwa gunzi la mahindi. Watu wale walikuwa wameniachia kwa neno moja, na nilihisi neno lingine moja lingewarudisha.

"Hapana," nilisema. "Khanga ilikuwa ndani ya mfuko. Sikuitoa."

Yule kijana aliinua uso. Vitu vya mfuko vilikuwa vimetolewa tena juu ya meza ya mtendaji, khanga pembeni ya bahasha, na vumbi jekundu lilikuwa linaonekana waziwazi kwenye upindo. Aliliona. Nilimwona akiliona. Angenyoosha kidole tu, ingetosha. Akaangalia dirishani, kulekule nilikokuwa nimeangalia mimi, kisha akarudisha macho sakafuni.

"Labda niliona vibaya," alisema.

Tajiri alinyoosha mkono. Kijana akatoa ufunguo mfukoni, akauchomoa kwenye kamba aliyoufungia, akampa. Akampa na kofia ngumu, maana nayo haikuwa yake. Mtendaji akaniuliza kama ninataka maji ya kunywa. Nikanywa. Niliandikiwa barua ya kueleza kuchelewa, nikapandishwa kwenye lori la mahindi, nikafika shuleni kabla ya magharibi na bahasha yenye lakiri yake. Mwalimu mkuu aliipokea kwa mikono miwili akanisifu mbele ya wenzangu, akasema huyu ndiye mtumishi. Asubuhi watoto walifanya mtihani.

Nilivyosikia baadaye, mguu ulikuwa umevunjika, na ulimweka ndani muda mrefu. Ulipopona alizunguka kwa matajiri wote wa Songea na hakuna aliyempa pikipiki. Habari yake ilikuwa imemtangulia. Pale mjini walikuwa wamempa jina, wakimwita mtu anayeota mchana, na watu waliisimulia kila mahali, kwenye mabasi, sokoni, wakionyesha kwa mikono jinsi alivyoruka kutoka kwenye pikipiki nzima akimkimbia mwalimu wa watu aliyekaa kimya nyuma yake.

Siku moja hadithi hiyo ikafika mpaka shuleni kwetu, saa ya chai. Aliyeisimulia alikuwa mwalimu mgeni, hakujua mwalimu mwenyewe ni nani, na wenzangu wakamwacha aendelee huku wakinikonyeza. Alisimulia vizuri. Aliinuka akaigiza ule mruko, koti likipeperuka, na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nisingecheka wangeniuliza kwa nini.